Shotgani za kale zenye nyundo mbili za nje: namna ya kuzisoma kuanzia chini ya mitutu

#1 BambaLaMtambo

Wakuu, uzi huu ni wa wanaokusanya shotgani za kale za mitutu miwili, zile zenye nyundo mbili za nje, kuanzia miaka ya 1850 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tujadili zilivyoundwa, zinavyochakaa na cha kutazama kabla hujatoa pesa. Jina lililochongwa kwenye bamba tuliweke nyuma kwanza, kwa sababu ndilo kitu chepesi kuliko vyote kughushi. Mitutu, meno ya chini (vipande vya chuma vilivyo chini ya mitutu, vinavyoishikisha bunduki inapofungwa) na mtambo wa ndani ni kazi ngumu kughushi, na vyenyewe vinatosha kueleza bunduki ilitoka wapi, lini, na imeteswa kiasi gani.

La kwanza ni usalama. Fungua, tazama chemba zote mbili, kisha pitisha kidole, maana macho hudanganyika kwenye chemba iliyojaa weusi. Kama ni gobori la fataki, chukua ufito wa mbao, uingize mdomoni hadi ugote, utie alama, halafu uulaze nje sambamba na mtutu. Ncha ikiishia sentimita kadhaa kabla ya kufika usawa wa chuchu ya fataki, humo ndani kuna baruti na marisau yaliyoshindiliwa zamani. Hiyo inakwenda kwa fundi wa silaha mwenye leseni, haichokonolewi.

Kisha tenganisha sehemu tatu: mbao ya mbele, mitutu, na kitako pamoja na bodi, yaani kiwiliwili cha chuma ambacho mitutu hufungia. Geuza mitutu juu chini. Chapa za ukaguzi (alama za nyumba iliyojaribu nguvu ya mitutu) ziko kwenye bapa mbili zilizo kando ya meno, na nyingine kwenye mgongo wa mtutu karibu na hapo.

Sasa ining'inize mitutu kwa uzi kupitia ndoano ya jino la mbele, iwe huru kabisa, na uigonge kwa ukucha au kipande cha mbao. Mitutu mizima hulia mlio mrefu na safi. Ukisikia mlio mfupi wenye mtetemo, kama vile kuna kitu kinachezacheza, basi lehemu ya utepe, ule ukanda wa chuma kati ya mitutu miwili, imeachia mahali fulani. Usikimbilie kulaumu utepe kabla hujaondoa kitoa maganda, maana nacho hutetema kikiwa kimelegea.

Halafu rudisha mitutu kwenye bodi bila mbao ya mbele. Mbao ya mbele huibana mitutu nyuma na kuficha ulegevu. Funga, shika shingo ya kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, tikisa kulia na kushoto, kisha juu na chini. Mchezo wowote unaouhisi mkononi ni mkubwa kuliko unavyofaa.

#2 MizinoYaChini

Asante mkuu kwa kufungua. Naongezea upande wa umri, maana hizi bunduki zilibadilika haraka sana ndani ya miaka arobaini na kila badiliko limeacha alama.

Mfaransa Casimir Lefaucheux alipata hataza ya bunduki inayokunjika kwa bawaba katika miaka ya 1830, na katriji yake ilikuwa na kipini kinachochomoza ubavuni. Ilipoonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851 Waingereza walianza kuiiga, Joseph Lang akiwa miongoni mwa wa kwanza. Bunduki za aina hii utazijua kwa kijipengo kwenye ukingo wa juu wa kila chemba, ndimo kipini kilimopita, na kwa nyundo zenye uso bapa zinazoshuka kutoka juu.

Mwaka 1859 Henry Jones akaleta wenzo wa chini unaozunguka, wenye kichwa cha umbo la T kinachoingia kwenye mifereji miwili ya jino. Mifereji ile ina mwinamo, kwa hiyo kadiri unavyozungusha ndivyo mitutu inavyovutwa chini. Ndiyo sababu bunduki nyingi za wenzo wa Jones bado zimekaza hadi leo: uchakavu ukitokea, wenzo huzunguka mbele kidogo zaidi na kubana palepale. Kasoro yake ni kwamba ni wa polepole, kwani kila kufungua na kufunga kunataka mkono.

Mwaka 1861 George Daw alileta Uingereza katriji ya fataki katikati, na kipini cha Lefaucheux kikaanza kufifia. Mwaka 1863 James Purdey akapata hataza ya bolti inayoteleza chini ya bodi na kuuma meno mawili kwa mpigo. Mwaka 1865 William Middleditch Scott akaleta mhimili unaounganisha bolti ya namna hiyo na wenzo wa juu. Muungano huo ndio uliobaki kuwa kawaida hadi shotgani za leo.

John Stanton alipata hataza ya nyundo zinazojirudisha, yaani zinazorudi nyuma zenyewe baada ya kugonga, mwaka 1867. Mbao ya mbele ya Anson, ile yenye kitufe cha kusukuma kwenye ncha, ni ya 1872, na ile ya Deeley na Edge yenye kikamatio cha kuvuta chini ni ya 1873. Kabla ya hapo mbao ya mbele ilishikwa na kabari ya chuma iliyopita kutoka ubavu hadi ubavu. Mwaka 1875 Anson na Deeley wakaleta bunduki isiyo na nyundo za nje, na kuanzia hapo nyundo zikawa mtindo unaoondoka, ingawa hazikuisha upesi. L.C. Smith wa Marekani waliendelea kuziuza hadi miaka ya 1930.

Angalizo kubwa: tarehe hizi zinakwambia bunduki *haiwezi kuwa ya kabla ya* lini. Hazikwambii iliundwa lini hasa. Viwanda vya bei nafuu, hasa vya Liège, Ubelgiji, viliendelea kutumia wenzo wa chini na kabari ya mbao kwa miongo mingi baada ya wengine kuacha.

#3 Kidoko

Wakuu, swali. Nitajuaje kama nyundo zinajirudisha bila kufungua mtambo? Muuzaji wa mbali anatuma picha tu.

#4 BambaLaMtambo

Kwa picha: mwombe picha ya ubavuni nyundo zikiwa zimetulia. Ukiona nafasi ya milimita tatu hivi kati ya pua ya nyundo na pini ya kupigia, na anakuambia hajakoki chochote, huenda inajirudisha. Lakini picha ileile hutoka kwenye bunduki ya zamani iliyowekwa koki nusu (nyundo imevutwa nusu tu ikanasa), kwa hiyo haitoshi.

Kwa mkono, chemba zikiwa tupu: vuta triga na uishikilie, sukuma nyundo kwa kidole gumba hadi iguse pini, kisha iachie. Inayojirudisha itarudi nyuma yenyewe. Isiyojirudisha itabaki imelala juu ya pini.

Tofauti hii si ya mapambo. Kwenye mtambo usiojirudisha, nyundo ikiwa chini pini inabaki imechomoza ndani ya uso wa bodi. Ukifungua bunduki katika hali hiyo, kitako cha katriji kinaburuza ncha ya pini na ncha hukatika au kupinda. Ukifunga juu ya katriji nzima, pini imeshaelekea kwenye fataki na bunduki inaweza kulia kabla hujawa tayari. Kwa hiyo bunduki hizo hufunguliwa na kufungwa zikiwa koki nusu tu. Ukikuta pini zimepinda au matundu yake yamekuwa ya mviringo mrefu, jua kuna mtu hakufuata hilo kwa miaka mingi.

Na kwa bunduki yoyote ya nyundo, ukitaka kushusha nyundo, ifungue bunduki kwanza. Kushusha nyundo kwa kidole gumba juu ya chemba zilizofungwa zenye katriji ndiko kulikowaponza wengi.

#5 TupaNaJiliwa

Niongelee mtambo wenyewe, maana ndio ninaoupenda kuliko vyote.

Kila upande una bamba lake, na nyuma ya bamba kuna sehemu zilezile: tambla ambayo nyundo imekaa kwenye mraba wake, springi kubwa ya umbo la V, kiungo kidogo kinachounganisha springi na tambla, sia inayouma mapengo ya tambla, springi ndogo ya sia, na kibamba cha ndani kinachoshika tambla na sia zisiyumbe. Mtambo wa fundi mzuri, ukiushika kwenye mwanga, utaona kingo za sehemu hizo zimenyooka, uso umeng'arishwa, na tambla imeachana na bamba kwa nafasi ya unywele bila kusugua. Mtambo wa bei nafuu una alama za tupa kila mahali na kibamba cha ndani kimeshikwa na skrubu moja.

Kuna mpangilio wa aina mbili. Wa kwanza springi kubwa iko mbele ya tambla, imeingia kwenye bodi ya chuma. Wa pili springi iko nyuma, imeingia kwenye mbao ya shingo. Utaujua kwa umbo la bamba: la kwanza linafika mbele hadi karibu na pini ya bawaba, la pili linaanzia nyuma ya bodi na kuishia na mkia mrefu shingoni. Mpangilio wa mbele unapunguza chuma cha bodi, lakini unaiacha shingo na mbao ya kutosha. Wa nyuma unaacha bodi ikiwa na nguvu, ndiyo maana ulipendwa kwenye bunduki nzito za mitutu mikubwa na raifo za mitutu miwili, ila unakula mbao ya shingo. Kwenye hizo, tafuta nyufa zinazoanzia ncha ya mkia wa bamba kurudi nyuma.

Magonjwa ya mtambo ni haya. Springi kubwa hupasuka kwenye kona ya V, na karibu kila mara ufa huanzia kwenye kishimo cha kutu. Pengo la koki kamili huchakaa hadi nyundo inaachia kwa mshtuko: koki nyundo chemba zikiwa tupu, ondoa kidole kwenye triga, sukuma nyundo kwa nguvu ya kidole gumba kutoka nyuma. Ikianguka, hiyo bunduki si ya kupigwa. Pengo la koki nusu kwenye mitambo ya zamani lina mdomo unaofunika ncha ya sia, na mdomo huo hukatika mtu anapovuta triga nyundo ikiwa nusu.

Kuna hili pia watu hulipita: nyundo iliyolegea kwenye mraba wa tambla. Shika nyundo, jaribu kuiyumbisha ubavuni. Ikiyumba, pua yake haigongi pini katikati, inagonga ukingo wa tundu, na baada ya muda pua inameguka. Kukaza skrubu hakusaidii, kwa sababu ulegevu uko kwenye mraba.

#6 Kidoko

Shukrani. Na kuutoa mtambo bila kuharibu? Skrubu zangu zina vichwa vyenye mfereji mwembamba sana, bisibisi ya kawaida haiingii.

#7 TupaNaJiliwa

Usiifanye iingie, chonga bisibisi. Mfereji wa skrubu za kale ulikatwa kwa tupa nyembamba, nao una kuta zilizonyooka. Bisibisi ya kawaida ina ncha ya kabari, inapanda juu na kutafuna kingo. Chonga ncha hadi pande zake ziwe sambamba, unene wake ujaze mfereji, na upana wake ulingane na kichwa bila kuzidi, la sivyo itakwaruza chuma cha pembeni. Kila skrubu itataka ncha yake.

Mpangilio wa kazi:

Andaa kipande cha ubao chenye matundu, uandike kila tundu ni la skrubu ipi. Skrubu hizi zilitengenezwa moja moja kwa mkono, na zinazofanana kwa macho hazibadilishani. Mfereji wa kila skrubu kwenye bunduki nzuri ulikusudiwa ulale sambamba na mtutu skrubu ikikaza, kwa hiyo ukichanganya utajua baadaye.

Ondoa mitutu. Weka nyundo koki nusu kama hazijirudishi, ili zisizibe. Skrubu ndefu ya ubavuni inapita kwenye mbao na kushika mabamba yote mawili. Ilegeze mizunguko michache, usiitoe yote, kisha gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa mbao: bamba la upande wa pili litachomoka bila kung'oa ukingo wa mbao. Litoe, halafu toa skrubu, halafu bamba la upande wa kichwa. Usichokonoe bamba kwa kisu. Mbao inayozunguka bamba ndiyo inayoonyesha kazi ya fundi, na ikimeguka hairudi.

Skrubu iliyoganda: mafuta ya kupenyeza, siku kadhaa, ukiongeza kila siku. Kisha gusisha pasi ya lehemu yenye moto kwenye kichwa cha skrubu peke yake kwa dakika moja au mbili, acha ipoe, rudia. Usitumie mwali. Bisibisi ukiifunga kwenye mashine ya kutobolea iliyozimwa, unapata mgandamizo wa kwenda chini huku ukizungusha kwa mkono, na ncha haipandi.

Springi kubwa haitolewi kwa koleo. Koki nyundo hadi mwisho, vika kibano cha springi, kaza mpaka kiguse tu bila kubana zaidi, kisha vuta sia na ushushe nyundo. Springi sasa imelegea kwenye tambla nawe unaiinua. Ukiminya zaidi ya ilivyokuwa kwenye koki kamili, unaivunja.

Skrubu ya nyuma ya bodi, ile iliyo chini ya wenzo wa juu, wengi hawaioni. Sukuma wenzo kulia kabisa, ndipo kichwa chake kinapoonekana.

#8 LehemuYaBati

Zamu ya mitutu. Hapa ndipo pesa ilipo na hatari ilipo.

Mtutu wa damasko haukutobolewa kwenye nondo. Vipande vya chuma laini na vya pua (chuma kigumu) vilipangwa tabaka, vikachomelewa pamoja, vikavutwa kuwa fito nyembamba za mraba. Kila ufito ulipashwa moto na kusokotwa. Fito mbili, tatu, nne au zaidi zilizosokotwa zilichomelewa ubavu kwa ubavu kuwa ukanda mmoja, na ukanda huo ukazungushwa kwenye chuma cha duara kama bandeji kidoleni, kisha kingo zake zikafuliwa hadi zikashikana. Maua unayoyaona kwenye uso ni misokoto ile iliyokatwa na tupa. Idadi ya fito unaihesabu kwa kutazama upana wa ukanda mmoja: kila safu ya maua ni ufito mmoja. Kazi nyingi ya namna hii ilifanyika bonde la mto Vesdre karibu na Liège, kwenye vijiji kama Nessonvaux na Trooz, na mitutu ghafi ikauzwa hadi kwa mafundi wa Uingereza na Marekani.

Kuna mtutu wa msokoto mtupu, ambao ukanda wake haukusokotwa fito, unaonyesha mistari ya mshazari tu. Na kuna mitutu ya pua ya Whitworth iliyogandamizwa ikiwa bado majimaji, yenye chapa ya mganda wa ngano. Hiyo ni pua moja isiyo na kiungo.

Mitutu miwili hushikanishwa kwa namna mbili za moto. Meno na sehemu ya chemba huunganishwa kwa lehemu ya shaba, yenye joto kali. Tepe za juu na chini hushikwa kwa lehemu ya bati na risasi, ya joto dogo. Shika hilo, maana linaeleza maafa mengi: usiweke mitutu hii kwenye dawa ya kisasa ya kutia weusi inayochemka, ile ya magadi makali. Inakula lehemu ya bati. Tepe zitafunguka, na chumvi itabaki imenaswa kati ya mitutu na kula chuma kutoka ndani usikoweza kufika. Mitutu yenye tepe hutiwa rangi kwa kutu ya polepole tu.

#9 JoziNaPua

Swali la damasko bandia. Nimeona shotgani yenye maua makubwa mno na ya kufanana mno.

#10 LehemuYaBati

Zipo nyingi. Maua yalichapishwa kwa dawa juu ya pua ya kawaida. Ondoa mbao ya mbele na utazame chini yake, halafu utazame bapa za chemba, halafu ukingo wa mdomo. Damasko halisi haiishi popote, inaendelea hadi ndani ya bapa na kuzunguka chini ya utepe. Maua ya kuchapwa hukoma ghafla au hufifia penye msuguano, na hujirudia yaleyale kila baada ya sentimita kadhaa. Chukua sehemu ndogo iliyofichwa na mbao, isugue kwa msasa laini hadi ing'ae, gusisha tone la kloridi ya chuma iliyozimuliwa kwa maji mengi, subiri dakika chache, osha, paka mafuta. Damasko halisi itarudisha maua yake. Ya bandia itabaki kijivu tupu.

Kinyume chake kipo pia: mitutu halisi ya damasko iliyopakwa weusi baadaye ili ionekane ya kisasa. Jaribio ni lilelile.

#11 MizinoYaChini

Sasa chapa. Nizitaje zinazokutwa sana.

London, nyumba ya ukaguzi ya Gunmakers' Company: herufi GP chini ya taji au simba, na V chini ya taji. Birmingham, kwa sheria ya 1813 hadi 1904: fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, moja ikiwa na herufi BPC na nyingine V. Kuanzia 1904 Birmingham walitumia BP, BV na NP zenye taji. NP ni ya baruti isiyo na moshi. Maneno NITRO PROOF yalianza 1896.

Chapa ya NOT FOR BALL inakupa miaka kwa ukaribu sana: 1875 hadi 1887, kwenye mitutu yenye choku, yaani iliyobanwa kidogo mdomoni. Humo utakuta pia namba mbili, mfano 12B na 14M, ya kwanza ikiwa kipimo cha ndani ya mtutu na ya pili cha mdomo. Namba ya 12 ndani ya almasi pamoja na C ni ya 1887 hadi 1925.

Liège: herufi ELG ndani ya duara refu. Taji juu ya duara lilianza 1893, kwa hiyo ELG isiyo na taji ni ya kabla ya hapo. Hii ndiyo chapa inayoumbua majina. Ukikuta jina la kufanana na la fundi mkubwa wa Uingereza, mfano "W. Richards" mahali pa Westley Richards, na chini kuna ELG, umepata bunduki ya Ubelgiji iliyouzwa kwa jina la kuazima. Si lazima iwe mbaya, Liège walitengeneza nzuri sana pia, lakini bei ya jina usiilipe.

#12 LehemuYaBati

MizinoYaChini amesema: *"kipimo cha ndani ya mtutu"*

Hapo pana jambo la kufanyia kazi. Kipimo cha bore (upana wa ndani ya mtutu) ni idadi ya risasi za duara zinazoenea mtutuni zitakazotoka kwenye ratili moja ya risasi. 12 ni inchi 0.729, yaani milimita 18.5. Kati ya namba nzima palikuwa na nusu: 13 ni 0.710, 13/1 ni 0.719, 12 ni 0.729, 12/1 ni 0.740. Ukipima kwa geji ya ndani, inchi tisa kutoka upande wa chemba, ukakuta mtutu wenye chapa ya 13/1 umefika 0.729, umeshapanda daraja. Kwa sheria za Uingereza hiyo imetoka nje ya ukaguzi wake: mtu ameusugua ndani kuondoa mashimo ya kutu, na chuma alichoondoa hakipo tena.

Geji ya ndani peke yake haitoshi. Pima unene wa ukuta kwa geji ya ukuta, kutoka mwisho wa chemba hadi mdomoni, pande nne kila mahali, kwa sababu mitutu ya kale mara nyingi haiko katikati yake na upande mmoja huwa mwembamba. Mafundi wengi wa Uingereza hawataki kuona chini ya inchi 0.020, karibu nusu milimita, mahali popote. Na karibu na chemba unatakiwa kuwa mzito kuliko hivyo kwa mbali.

Kibonyeo: laza mtutu uelekee dirisha, tazama ndani, mistari ya kivuli inapovunjika ndipo kilipo. Uvimbe huonekana kama pete ya giza ndani na husikika kwa kidole nje. Kibonyeo huinuliwa na fundi. Uvimbe kwenye damasko ni habari ya kuacha kununua.

#13 JoziNaPua

Urefu wa chemba pia, tafadhali usiachwe. Nyingi za kale za 12 ni milimita 65. Katriji ya milimita 70 hupimwa ikiwa imefunguka, kwa hiyo ikiwa bado imekunjwa inaingia bila shida kwenye chemba ya 65 na mtu anadhani inafaa. Ikilia, mkunjo unafunguka ndani ya koni ya mbele ya chemba, unabana njia na msukumo unapanda. Kwenye mitutu ya kale hilo ni jambo la hatari moja kwa moja.

Mzigo wa kawaida wa siku zile kwa 12 ulikuwa dramu tatu za baruti nyeusi, karibu gramu 5.3, na wakia 1⅛ za marisau, gramu 32. Ila hata kwa baruti nyeusi, bunduki isiyo na chapa zinazosomeka au iliyotoka nje ya kipimo haipigwi hadi ikaguliwe upya na nyumba ya ukaguzi. Mtutu wa damasko haupasuki kwa sababu tu ni damasko. Unapasuka kwa ukuta mwembamba, kutu iliyojificha kwenye maungio, au katriji isiyo yake, na macho hayaoni hata kimoja kati ya hivyo kwa uhakika.

#14 Kidoko

Na mitutu ikiwa inacheza kwenye bodi, inarekebishika?

#15 TupaNaJiliwa

Inarekebishika. Njia sahihi ni kubadilisha pini ya bawaba kwa nyingine nene kidogo, au kuongeza chuma kwenye ndoano ya jino la mbele na kuichonga upya kwa kuipaka moshi wa taa: unafunga, unafungua, unaona moshi umefutika wapi, unachonga hapo tu, hadi mitutu iguse uso wa bodi yote kwa pamoja.

Njia ya uongo ni kupiga jino kwa nyundo na patasi ili chuma kivimbe. Utaona alama za vishimo ubavuni mwa jino. Inakaza kwa muda mfupi, kisha inalegea kuliko mwanzo. Ukiziona alama hizo, hesabu gharama ya kazi sahihi juu ya bei.

#16 JoziNaPua

Mbao. Kitako cha mjozi cha miaka mingi huwa cheusi nyuma ya bodi. Weusi huo ni mafuta yaliyoshuka kutoka kwenye mtambo, na mbao iliyolowa mafuta ni laini, inabonyea chini ya bodi na hatimaye inapasuka shingoni. Toa chuma chote. Changanya unga wa chaki na asetoni kuwa uji mzito, paka sehemu nyeusi, acha ukauke, piga brashi. Unga utakuwa umegeuka kahawia. Rudia hadi ubaki mweupe, na mara nyingi ni raundi nyingi. Fanya nje au penye hewa, mbali na moto.

Usipige msasa. Ukipunguza mbao, bamba na mkia wa bodi vitabaki vimechomoza, na mistari ya kuchongwa shingoni itapoteza ncha. Baada ya mafuta kutoka, mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka nyembamba mno, kila moja ikauke kabisa.

#17 MizinoYaChini

Naomba kutofautiana na wanaopenda kurudisha rangi zote. Rangi za kuchomea, zilizotokana na kugumisha uso wa chuma kwa moto, zilizobaki kwenye bodi, hata ziwe vidoa tu nyuma ya nyundo na chini ya wenzo, ni ushahidi kwamba chuma hakijaguswa. Bodi iliyotiwa rangi kwa mwali wa gesi inatambulika na kila mkusanyaji, na kuipasha upya kwenye tanuri kunaweza kuipinda hadi mabamba yasikae. Kutu nyekundu iondolewe kwa mafuta na sufi laini ya chuma. Kahawia tulivu iachwe.

#18 LehemuYaBati

Kwa bodi nakubali. Kwa mitutu ya damasko iliyosuguliwa hadi ikawa nyeupe tupu na mtu aliyepita, sikubali. Huko ukweli ulishaondolewa, na kutia upya kahawia ya polepole kunarudisha maua na kunalinda chuma. Sharti ni moja: chapa zisiguswe na msasa.

#19 Kidoko

Nimenote yote. La mwisho: kuzihifadhi. Na sheria je?

#20 BambaLaMtambo

Sheria inatofautiana mno nchi hadi nchi na umri peke yake hautoshi. Marekani, kwa sheria ya shirikisho, silaha iliyoundwa 1898 au kabla inahesabiwa ya kale. Uingereza, shotgani ya 12 ya fataki katikati inataka kibali hata kama ni ya 1870, wakati ya kipini cha Lefaucheux inaweza kuwekwa kama kumbukumbu bila kibali. Uliza mamlaka ya silaha ya nchi yako kabla ya kununua, na kabla ya kuvusha mpaka.

Kuhifadhi: kwenye kabati la chuma, mdomo ukitazama chini, ili mafuta yasishukie kwenye mbao ya shingo. Nyundo zishushwe, zinazojirudisha zitulie zenyewe na zile za zamani ziwe zimelala kwenye pini, chemba zikiwa tupu, ili springi kubwa isikae imeminywa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55 inafaa chuma na mbao kwa pamoja. Ikauke mno mbao inasinyaa na kuachana na bamba. Usiiache ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi inashika unyevu na dawa zake zinakula chuma. Kila baada ya miezi michache ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na usisahau chini ya kitoa maganda, huko kutu huanza bila kuonekana.